Jinsi Tulivyoieleza Nyamaza

Ndugu zangu wa Moshi wanaamini nimestaafu ukarani. Majirani zangu wa Magomeni wanaamini nilikuwa fundi wa kompyuta, na mmoja wao aliwahi kuniletea pasi iliyoungua. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ndio watu wa kwanza ambao naweza kuwaambia bila kuzunguka: nilikuwa naandika maelezo ya fanksheni. Mmeniomba niseme nilichojifunza, basi nitasema, ila msitegemee mpangilio. Kumbukumbu zangu hazina orodha ya yaliyomo.

Kwa atakayesoma hapa bila kuijua kazi yenyewe: kuna sanduku la zana za programu, la huria, kila mtu duniani ana ruhusa ya kulitumia na kulirekebisha. Watu wanalitumia kutengeneza mitandao ya neva, yaani zile programu zinazojifunza kutambua vitu kwa kuonyeshwa mifano mingi. Mtandao ukishafundishwa tunauita modeli. Ndani ya sanduku hilo kuna mamia ya fanksheni. Fanksheni ni kipande cha programu chenye jina lake. Unakipa kitu, kinakurudishia kitu. Aliyeiandika anajua inafanya nini. Wengine wote hawajui mpaka mtu kama mimi akae awaandikie. Kazi hii haina sifa. Maelezo yakiwa mazuri, msomaji anaisifu fanksheni. Yakiwa mabaya anamtukana mwandishi wa maelezo, na anamtukana kwa jina, maana jina liko chini ya ukurasa.

Nilianzia Kariakoo, dukani kwa baba mdogo, aliyekuwa anauza vyombo vya umeme. Vitu vilikuja na vikaratasi vya Kichina vyenye picha ya mtu anayetabasamu, na kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi ya Kiswahili. Baba mdogo alikuwa na sharti moja: birika halitoki dukani mpaka limechomekwa mbele ya mteja na maji yamechemka. Karatasi nayo alitaka ijaribiwe hivyo hivyo. Aliishika mkononi akafanya nilichoandika, neno kwa neno, bila kuongeza akili yake. Niliandika "mimina maji, washa, subiri lijizime". Akamimina, akawasha, akasubiri. Sikuwa nimeandika "funika", na birika la aina ile likiwa wazi halijizimi. Baba mdogo alisimama mikono kifuani mpaka maji yakakauka na duka likaanza kunuka plastiki, kwa sababu karatasi haikusema vinginevyo. Wateja walimwonea huruma. Mimi nilimchukia kwa siku kadhaa, kisha nikaanza kuandika vizuri.

Kwa hiyo mkiniuliza kanuni ya kwanza ya kazi yetu, ni hiyo: mfano usioujaribisha mwenyewe usiuandike. Ufanye kama mtu asiyejua kitu na asiyekupenda.

Jignesh bhai, yaani kaka Jignesh, alinikuta pale pale kaunta. Alikuwa mwandishi wa programu kutoka Upanga, mtu mwembamba wa miwani, amekuja kununua jiko la presha la umeme kwa ajili ya mkewe. Badala ya kulipa akasoma karatasi yangu yote, foleni nyuma yake ikiguna.

"Nani kaandika hii?" akauliza.

Baba mdogo alidhani ni malalamiko, akaninyooshea kidole haraka.

"Dada, mbona karatasi yako inaanza na matatizo? Mvuke hautoki, mfuniko umegoma. Mapishi yako huku mwisho."

"Jiko likiwa zima hakuna anayesoma karatasi," nikamwambia.

Akacheka, akasema nije ofisini kwake Upanga. Nikamwambia sijui kompyuta. Akasema nitajifunza. Nilijifunza, polepole na kwa manung'uniko, na nilipostaafu nilikuwa bado nanung'unika.

Sasa, mwalimu wangu huyu alikuwa na kasoro moja: fanksheni zake mwenyewe hakuzieleza kamwe. "Programu inajieleza, dada Aikande," alikuwa akisema, huku ameandika kitu ambacho hata yeye akirudi baada ya sikukuu ya Diwali alikuwa anakitazama kama mgeni. Mafundi hodari wengi wako hivyo. Msiwasubiri waandike, hamtaona kitu. Kaeni nao, waulizeni swali la kijinga, andikeni wanavyojibu kwa hasira. Jibu la hasira huwa fupi na huwa la kweli.

Niwape na hili kabla sijasahau. Mstari wa kwanza useme fanksheni inapokea nini na inarudisha nini. Msiisifu. Nimesoma kurasa zinazoanza na "fanksheni hii yenye nguvu", na siku zote nimekuta kwamba nguvu hizo zinaishia kwenye mstari huo huo.

Nirudi kwa Jignesh bhai, maana habari niliyotaka kuwapa ni yake.

Mtaa wa pili kutoka dukani kwa baba mdogo kulikuwa na Mama Kimaro, muuzaji wa spea za magari, Mrombo mwenye sauti ya kuita watu upande wa pili wa barabara. Jignesh bhai alimtengenezea programu ya simu. Unapiga picha spea iliyochakaa, modeli inakwambia ni spea gani na ya gari gani. Mama Kimaro alifurahi kupita kiasi. Vijana wake wa dukani wakaacha kuumiza vichwa, wakawa wanaiuliza simu tu. Halafu siku moja simu ikasema, kwa uhakika wa asilimia tisini na kitu, kwamba kipande fulani ni breki pedi ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Hakikuwa. Mteja akafungiwa hiyo hiyo iliyotajwa, akaondoka, na kirikuu yake ikagoma kusimama Magomeni, ikaingia kwenye banda la chipsi. Watu walipona wote. Mayai hayakupona.

Jignesh bhai alikaa ofisini ameshika kichwa. Ndipo aliponieleza mtandao wa neva kwa namna ambayo sijaisahau. "Dada, ni muuzaji wa Kariakoo. Hajui kusema sina."

Mliokulia kule mnaelewa. Ukiuliza kitu dukani Kariakoo na hakipo, muuzaji hasemi hakipo. Anakwambia "kipo, kaa hapo kwenye stuli", halafu anachomoka kwa mlango wa nyuma kwenda kukitafuta kwa jirani. Ni adabu ya biashara, na mara nyingi kinapatikana kweli. Modeli nayo ukiiuliza chochote inajibu, ila yenyewe haina jirani. Inakuchagulia chochote kilichopo kwenye rafu, na inakitaja kwa sauti kavu kabisa.

Ndipo alipoandika fanksheni aliyoiita nyamaza. Unaipa modeli na picha. Modeli ikiwa na jibu linaloaminika, nyamaza inakurudishia jibu. Ikiwa haina, nyamaza inarudisha patupu. Hakuna jina la spea, hakuna asilimia, hakuna kitu.

Mama Kimaro alikuja juu. "Jignesh bhai! Yaani simu yangu ikamwambie mteja sina? Mbele za watu?"

"Haisemi sina, mama. Inanyamaza tu."

"Si ndiyo mbaya zaidi! Bora hata ingetukana!"

Lakini akaizoea. Simu ikinyamaza, alikuwa anaichukua spea mwenyewe, anaigeuzageuza, anaita wazee wa gereji waitazame. Baadaye ukimgusia kuiondoa nyamaza alikuwa anakuangalia kama mtu anayetaka kumwondolea mlango wa duka. Jignesh bhai akaiingiza kwenye lile sanduku la zana ili dunia nzima iitumie. Maelezo hakuandika. Nilimkumbusha, akasema programu inajieleza.

Kisha asubuhi moja akapigwa na kiharusi.

Mkono wa kulia ulilala. Maneno yaliondoka yote, Kiswahili, Kigujarati na Kiingereza, yakabaki neno moja: bado. Madaktari walisema hutokea hivyo, mtu anabakiwa na neno moja na hakulichagua. Ukimsalimia, "bado". Ukimuuliza chai ya masala imemtosha, "bado". Mkewe, Hansaben, alituonya mlangoni sote tuliokwenda kumwona: "Anaelewa kila kitu. Msimwongeleshe kama mtoto." Na kweli alikuwa anaelewa. Nilimsomea barua za kazi, akafumba macho pale pale alipokuwa akifumba zamani, kwenye upuuzi.

Wakati huo huo viongozi wa mradi wa lile sanduku, waliotawanyika nchi mbalimbali, walipitisha sheria: fanksheni yoyote isiyo na maelezo itaondolewa kwenye toleo linalofuata. Ilikuwa sheria nzuri. Mimi mwenyewe niliipigania miaka, nikaipigia kura kwa mikono miwili. Orodha ya zinazoondolewa ilipotoka, nikaipitia kwa furaha mpaka nilipofika kwenye nyamaza.

Pembeni yake mtu alikuwa ameandika kwamba ina kasoro: modeli inatoa jibu la asilimia tisini na saba, nyamaza inarudisha patupu. Iondolewe.

Hata mimi sikujua kwa nini inafanya hivyo. Nilikuwa nadhani nyamaza inatazama asilimia, ikiwa ndogo inanyamaza. Kumbe sivyo, na mtu pekee aliyejua sababu alikuwa amekaa kwenye kochi Upanga na neno moja. Hansaben alimwambia kuhusu ile orodha, maana hakuna siri nyumba ile. Akanipigia simu siku iliyofuata. "Dada, amekataa kula. Njoo."

Nitasema wazi, niliogopa. Yule mtu alikuwa ameandika programu nyingi maishani na nyingi zilishakufa, ndivyo programu zilivyo. Hii alikuwa anaipenda. Ikiondolewa, hatakuwa na namna ya kuilalamikia wala kuiandika upya.

Nilianza kwa njia mnayoitumia nyinyi leo. Nikaipa ile mashine ya kuandika maelezo programu yote ya nyamaza, nikaiomba ukurasa. Ikaandika ukurasa safi, aya zimenyooka, Kiingereza cha kuvaa tai. Ikasema nyamaza ni fanksheni ya kuzima sauti, ikaweka na mfano wa spika. Niliujaribisha mfano huo, kwa heshima zote. Haukuzima kitu. Siwaambii muitupe mashine, mimi mwenyewe naitumia kuhakiki tahajia. Ila nayo ni ya ukoo ule ule wa kutojua kusema sina.

Basi nikahamia kwenye kochi. Kila alasiri nilikuwa nachukua bajaji hadi Upanga, naketi, nafungua kompyuta, nasoma sentensi moja.

"Nyamaza inarudisha patupu pale ambapo modeli haina uhakika."

"Bado."

"Nyamaza inarudisha patupu pale ambapo picha haionekani vizuri."

"Bado."

"Bhai, bado ya hapana au bado ya karibu?"

"Bado!"

Hiyo ilikuwa ya hasira. Nilijifunza kuzitofautisha. Ya kukataa ilikuwa fupi na inashuka. Ya karibu ilikuwa ndefu kidogo na kidole cha mkono wa kushoto kinanyanyuka. Hansaben alisema nimechukua wiki kujifunza kitu ambacho yeye alikijua siku ya pili, na ilikuwa kweli.

Aliyetukwamua ni Mama Kimaro. Alikuja kumjulia hali, na kwa kuwa hajui kwenda kwa mtu mikono mitupu, alileta ndizi na mfuko wa spea. Ndani kulikuwa na spea mpya za kawaida, na kipande kimoja cha gari la kale ambalo hata kiwanda chake hakipo tena. Tukavipiga picha kimoja kimoja. Zile za kawaida, modeli ikazitaja na nyamaza ikazipitisha, hata zile ambazo modeli ilisitasita. Kile cha kale modeli ikakiita breki pedi kwa asilimia tisini na kitu. Nyamaza ikakaa kimya.

Nikarudi kwenye programu, nikaisoma tena kuanzia juu, na safari hii nikaona anachokipima Jignesh bhai. Hakuna mahali palipoangalia ukubwa wa asilimia. Alikuwa anaichukua picha, anailinganisha na vitu vyote ambavyo modeli iliwahi kufundishwa, na kuuliza kama inafanana na chochote kati ya hivyo.

Nikaandika, nikamsomea polepole: "Nyamaza haiulizi modeli ina uhakika kiasi gani. Inauliza kama modeli imewahi kuona kitu cha namna hii. Kama haijawahi, uhakika wake hauna maana."

Jignesh bhai alinishika kiganja kwa ule mkono wake mzima, akakibana mpaka pete ikaniumiza. Mama Kimaro akasema, "Sasa si ndiyo hicho nilichokuwa nawaambia," ingawa hakuwahi kutuambia.

Nikaandika ukurasa, nikautuma. Nikadhani tumemaliza.

Vijana, wekeni hili akilini: watu husoma mstari wa kwanza, kisha wanaitisha kikao. Mwenyekiti wa mradi, mama mmoja mpole wa Ulaya ya kaskazini aitwaye Marit, alituita kwenye mkutano wa video. Nilikwenda kuufanyia Upanga, nikamketisha Jignesh bhai mbele ya kompyuta. Marit akasema maelezo ni mazuri sana, anawashukuru wote. Lakini tayari sandukuni kuna fanksheni nyingine inayokataa majibu yenye asilimia ndogo, kwa hiyo hii ni ya ziada, na mara nyingine inakataa hata majibu yenye asilimia kubwa. Nikaeleza. Nilieleza kwa Kiingereza changu chote na nikaazima kingine. Marit akasema, "Asante sana kwa mchango wako." Mtakaofanya kazi na watu wa kule mtajua kwamba sentensi hiyo ni hapana iliyovaa koti.

Akauliza kama mwandishi wa fanksheni ana la kuongeza kabla ya kura. Kisha, nadhani, akakumbuka hali yake, akawa mwekundu.

Jignesh bhai akaivuta kompyuta kwake. Akabonyeza kwa kidole kimoja cha kushoto, herufi moja moja, na watu wa nchi zote zile wakasubiri wakimwona anavyotafuta herufi. Hansaben alitaka kumsaidia, akamsukuma mkono. Akafungua modeli ya Mama Kimaro, ile iliyofundishwa spea za magari na si kitu kingine. Akawasha kamera. Akajipiga picha uso wake mwenyewe, mdomo umepinda upande, miwani imekaa upande. Akawaonyesha skrini.

Modeli ikasema ni filta ya oili. Asilimia tisini na kitu.

Akaipitisha kwenye ile fanksheni nyingine, ya kukataa asilimia ndogo. Ikampitisha. Filta ya oili.

Kisha akaita nyamaza. Ikarudisha patupu.

Akageuza uso akaitazama kamera, akaiacha ile picha yake pale, na chini yake nafasi tupu. Kijana mmoja wa huko Brazili akaangua kicheko, na wengine wakafuata, na Marit akavua miwani akajifuta macho. Kura haikuchukua muda. Nyamaza ikabaki.

Jignesh bhai alilia. Mimi pia nililia, na Hansaben akatutazama sote wawili kana kwamba tunalia huku maziwa yanamwagika jikoni.

Nilimwomba ruhusa niuweke ule mfano kwenye maelezo, na picha ile ile. Alikataa picha. Akajigusa ukosi, akaonyesha chumbani, mpaka Hansaben akaelewa kwamba anataka lile shati jeupe la harusi za watu, na lipigwe pasi kwanza. Likapigwa pasi. Akachanwa nywele, akakaa wima kuliko alivyowahi kukaa tangu augue, nikampiga picha mpya. Na kwa kuwa mfano usiojaribishwa hauandikwi, nikaujaribisha upya.

Kwa lile shati jeupe, modeli ilisema ni shokapu ya mbele, na kwa uhakika mkubwa zaidi. Nyamaza ikanyamaza. Nikaandika hivyo hivyo, shokapu ya mbele, kisha patupu, nikamgeuzia kompyuta. Alisoma ukurasa wote hadi chini kwenye jina langu, akaongeza lake juu yake kwa kidole kimoja, akabonyeza kitufe cha kuchapisha mwenyewe.